Finya ya Madame

Batoto bangu, mutu akiwaambia kama mwalimu hawezi kukosa miaka nane mufululizo bila hata kujua, mumulete kwangu nimuonyeshe mwalimu wa hivyo. Atanikuta nimekaa hapa, lunette ya macho ku pua, jembe ya bustani mukononi, juu kazi ya lakre, ya chaki, nimeiacha. Nitamuambia vile nilisimama mu biro, ofisi moja ya Lilongwe, mbele ya bantu sibajue, na nikashituka mpaka nikasahau jina yangu.

Jina yenyewe ni Vumilia. Lakini mu Dzaleka, camp ya bakimbizi, hakuna mwenye aliniita hivyo. Bote baliniita Madame, vile kwetu Bukavu tunaitaka mwalimu mwanamuke. Kule nilikuwa nafundisha Kifaransa ku primaire, shule ya msingi. Nilipofika hapa Malawi, nikakuta Kifaransa haina kazi. Karatasi yote ni Kingereza: ya chakula, ya hospitali, ya kwenda inchi za mbali. Basi nikajifunza Kingereza, nikiwa mutu muzima na mvi yangu, na mwaka wenye kufuata nikaanza kuifundisha. Musicheke. Mu camp, mwenye kujua maneno mia anafundisha mwenye kujua kumi.

Kazi yangu mi ilikuwa maneno marefu. Banafunzi balikuwa banasoma vizuri "go" na "come" na "water", lakini ukibawekea ku tablo neno ya herufi kumi na mbili, banaangalia chini bote, hata wale benye midomo mikubwa. Mi nikasema hapana, neno ndefu ni kama muhogo. Hakuna mutu anamezaka muhogo muzima. Unakata.

Mwenye kunifundisha kukata alikuwa muzee Gaspard, Munyarwanda moja fundi wa nguo, mwenye alipitia Congo mbele ya kufika huku. Aliniambia: "Madame, weka mukono chini ya kidevu, kisha sema neno. Kila mara kidevu inashuka, hesabu moja. Ile njo silabi." Nikajaribu pale pale mbele ya cherehani yake, na ikatoka kweli. Kesho yake nikapeleka mu kalasi. Tulikuwa tunasomea mu kanisa, na ile siku pasta akapita ku dirisha akakuta bantu arobaini bameshika videvu, midomo inafunguka na kufunga. Akaingia mbio. "Madame, juu ya nini bote banaumwa meno?" Mawe, mama yangu! Tulicheka mpaka somo ikaisha.

Nitawaachia mambo mbili tatu hapa, juu ingine nitasahau. Herufi mbili za konsoni zikisimama pamoja katikati ya neno, mara mingi unakata kati yake, kila moja iende upande wake. Kamata mukia ya neno kwanza: ile "tion" ni silabi moja, si mbili, na sisi ba Congo tunaiharibuka na mudomo ya Kifaransa. Na usiamini macho, amini kidevu. Kingereza inaandikaka herufi nyingi yenye haiseme kitu.

Lakini kushika kidevu mbele ya bantu ni haya. Ukiwa ku egzame ama ku biro ya mukubwa, utashika kidevu? Basi nikabadilisha. Nikasema tutumie vidole. Mukono ya kushoto juu ya paja. Kidole gumba ni silabi ya kwanza, yenye kufuata ni ya pili, vile vile mpaka mwisho. Kisha, ile silabi yenye kubeba nguvu ya neno, kidole yake unaifinya na mukono ya kuume. Unafinya kweli, mpaka uisikie. Tukawa na wimbo yetu ya kuanza somo: "Gawa! Hesabu! Finya!" Ilisikika mpaka ku soko.

Sasa mutaniuliza: Madame, unajuaje kidole gani ya kufinya? Hapo njo tunafika.

Mi nilivumbua sheria. Hakuna mwenye aliniambia, niliitosha mu kichwa yangu, na nilijivuna nayo kupita vile mama anajivuna na mutoto wa kwanza. Nilijiuliza: mu Kiswahili nguvu iko wapi? Ki-TA-bu. Mwa-LI-mu. A-na-ku-PE-nda. Siku zote ni silabi yenye kutangulia ile ya mwisho. Nikasema, tujaribu mu Kingereza. Nikachukua maneno yenye tulikuwa nayo kila siku mu camp: re-gis-TRA-tion. Ve-ri-fi-CA-tion. Dis-tri-BU-tion. Re-pa-tri-A-tion. Eh Mungu wangu! Yote ilikubali! Niliruka mu nyumba peke yangu, sufuria ya nsima, ugali ya huku, ikaungua. Nilizani nimepata ufunguo ya Kingereza nzima, na mwenye kunipatia ni Kiswahili.

Sikujua kama mukimbizi anaishi mu kipande kimoja tu ya Kingereza. Maneno yetu yote ilikuwa na mukia moja.

Siku moja nilienda ku soko ya Mponela kununua mboga. Nikamuambia mama mwenye kuuza, na Kingereza yangu yote, kama nataka "ve-ge-TA-ble". Akaniangalia. Nikarudilia kwa nguvu: "ve-ge-TA-ble!" Akaita mwenzake, mwenzake akaita mwenzake, mpaka nikaonyesha na kidole. Unajua nilisema nini nikirudi ku barabara? Nilisema: maskini, hawa ba Malawi Kingereza haijabaingia. Mi! Mwenye kujifunza juzi! Nikikumbuka hiyo siku nafunika uso na kitenge.

Nyinyi leo muko na simu. Unaandika neno, simu inakusomea, na ukitaka inarudilia mara kumi bila kukasirika. Sisi tulikuwa na dictionnaire, kamusi moja isiyo na kava, na radio yangu ilikuwa inasema Kifaransa tu. Sijitetei. Nawaambia vile ilikuwa.

Basi akakuja Nsimire. Mutoto wa Bukavu kama mi, mama yake anashona nguo, yeye kichwa inakamata kila kitu. Alitaka kuwa nurse, hakutaka kingine. Kulikuwa na chuo kimoja ku Lilongwe, jina nitaiacha, kilikuwa kinapokea bakimbizi kidogo sana. Unaingia kwa egzame. Na kulikuwa na umri: mwaka wenye kufuata Nsimire angekuwa amepita. Kwa hiyo ilikuwa ile mwaka ama hakuna tena. Nilimufundisha na mwenzake Josué miezi mingi, gawa, hesabu, finya, mpaka vidole ikaota sugu.

Baliondoka asubuhi, na karatasi ya ruhusa ya kutoka camp mu mufuko, na mama ya Nsimire akaimba mpaka kabaza, baiskeli ya kubeba bantu, ikapotea ku kona.

Siku ya pili balirudi. Nilikuwa napika maharagi. Nikaona Nsimire amesimama ku mulango, macho nyekundu, haingii.

"Madame, balitufukuza mu egzame."

"Nini?"

"Banasema tumeiba."

Mwiko ilinianguka. Josué njo alinieleza. Hesabu ilikuwa imekwisha; Kingereza, mwisho yake ilikuwa ya kuchagua A, B, C, D: nguvu ya neno iko ku silabi gani. Musimamizi akiwa anapita, akaona Nsimire anafinya kidole juu ya meza. Akageuka, akaona Josué ku upande ingine wa chumba anafinya kidole ile ile. Swali ingine, kidole ingine, na bote babili tena sawa. Akafikiri: gumba ni A, yenye kufuata ni B. Banatumiana jibu! Akachukua karatasi zao, na bakapewa barua. Siku ya Ijumaa bakuje na mwalimu wao aeleze. Asipoeleza, bote babili hawatakanyaga tena mulango ya kile chuo.

Yesu wangu! Vidole yangu! Kitu nilibapatia kwa mapendo yote njo kilikuwa kinabafungia mulango. Sikulala vizuri siku tatu. Lakini muelewe, sikuwa na woga. Nilikuwa na hasira. Nilisema: ngoja nifike, nitabaonyesha kama ni njia ya kusoma, si wizi, na bataniomba musamaha. Tulifikia Nsungwi, mutaa moja ya Lilongwe, kwa dada moja wa kanisa, na mu ile nyumba nilijaribu hotuba yangu mara kumi mbele ya kioo.

Mu biro tulikuta bantu babili: Madam Nyirenda, mukubwa wa Kingereza ya pale, mwanamuke wa sauti ya chini, na yule musimamizi mwenye alibakamata. Nikaeleza yote. Madam Nyirenda akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema na Kingereza polepole: "Sawa. Tuonyesheni. Simameni batatu, kila mutu aangalie ukuta yake, vidole mugongoni. Mi nitasema neno. Kama ni njia ya kusoma, mutafinya sawa bila kuonana."

Akasema: "Vaccination." Tukafinya. Musimamizi akapita nyuma yetu. Bote batatu, kidole ya tatu. Akasema "communication". Bote batatu, kidole ya ine. Nikasikia Madam Nyirenda anacheka kidogo. Mu roho nikasema: aksanti Yesu, tumepita.

Akasema: "Thermometer."

Mi nikafinya ya tatu. Ther-mo-ME-ter, sheria yangu. Musimamizi akapita. Bote batatu, ya tatu. Akasema "emergency". Bote batatu, ya tatu tena. Nikasikia karatasi inafunguliwa. Nikageuka. Madam Nyirenda alikuwa amefungua karatasi zao za egzame, na kicheko imekwisha.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa mumefinya bote ya tatu. Lakini mu egzame, kwa haya maneno mawili, hawa batoto bote babili baliandika ya pili. Na ya pili njo ya kweli. Sasa niambie. Kama vidole njo inabaonyesha jibu, ile ya kweli baliitosha wapi?"

Mi, badala ya kushituka, nilicheka. Ndiyo, nilicheka! Nikamuambia: "Madam, pole, hapo nyinyi njo munakosa." Mukubwa wa Kingereza, mu biro yake! Hakukasirika. Alifungua dictionnaire, akaigeuza upande yangu, akaonyesha na biki, kalamu yake, kialama kidogo cha nguvu ya neno, kamustari tu juu, mbele ya silabi ya pili. Akafungua neno ingine, kamustari. Ingine, kamustari. Na kila kamustari ilikuwa inasimama fasi mi sikuitarajia.

Batoto bangu, ile kamustari ilikuwa mu dictionnaire yetu ya Dzaleka vilevile. Niliionaka kila siku. Miaka nane nilizani ni uchafu ya mashini ya kuchapa.

Nikashika meza.  Nilianza kuona nyuso: bote benye niliwafundisha, benye balienda Canada, Australia, benye bako ku Mponela banauza, bote na finya yangu mu mudomo. Lakini musimamizi hakunipa muda wa kulia. Alisema: "Basi iko wazi. Mwalimu hajui jibu, batoto bako nayo. Kuna mutu aliwapatia." Akaanza kufunga faili.

Nikageukia Nsimire. "Sema. Muliitosha wapi?"

Anaangalia viatu.

"Nsimire!"

"Madame, siwezi. Nikisema nitakukosea heshima."

"Na usiposema utakosa masomo! Mi nitaishi, we utafanya nini? Sema!"

Akaanza kulia, na machozi ikamuondolea Kingereza yote. Alisema na Kiswahili, yetu ya nyumbani, na mu ile biro hakuna mwenye kuisikia isipokuwa sisi batatu. Madam Nyirenda akaniuliza: "Anasema nini?" Njo nikaelewa kama mutafsiri ni mi.

"Madame, ile unatufundisha tunaiitaka finya ya Madame. Iko ya kalasi. Iko ingine, finya ya inje. Tuliisikia ku radio, na ku ba nurse ba santé, ba kliniki. Mbele yako tunafinya ya Madame. Ku egzame tunafinya ya inje."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, mbele mi nikuje. Siku ya kwanza bakubwa banatuambiaka: mukiwa na Madame, finyeni ya Madame. Madame alisha kupoteza mingi. Musimunyanganye na hii."

Mawe, mawe, mawe!

Sikujua kama mutu anaweza kupigwa na mapendo. Miaka nane! Bantu mingi vile, na hata mumoja hakuteleza. Balinifinyia uongo na vidole vyao, kila siku, mu kanisa ya Mungu, ili mi nilale na furaha.

"Mwalimu," Madam Nyirenda akarudilia, "anasema nini?"

Nitawaambia ukweli, juu muko batoto bangu na sina tena haya ya kuficha. Wazo ilipita. Ningeweza kusema kitu ingine. Ningesema banajifunza kwa mwalimu mwingine, nitoke mule na jina yangu nzima. Nani angejua? Lakini musimamizi angeuliza jina ya huyo mwalimu, na uongo ingewaangukia bo. Na Nsimire alikuwa ananiangalia sasa, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Finya ya Madame, finya ya inje, bakubwa na badogo, Madame alisha kupoteza mingi. Nilifika mpaka mwisho. Musimamizi aliangalia dirisha.

Madam Nyirenda akasema: "Aonyeshe, basi. Maneno mapya."

Akasema "laboratory". Nsimire akaweka mukono juu ya meza, akahesabu, na hakuthubutu kufinya. Aliniangalia, kidole inaenda na kurudi kati ya ya pili na ya ine. Bado alikuwa ananilinda, mule mule ndani ya moto!

Nikatoa mukono yangu mwenyewe, nikaiweka mbele yake. "Finya ku yangu."

"Madame, hapana."

"Finya, mutoto. Na ufinye nguvu."

Akafinya kidole yangu ya pili. Madam Nyirenda akatikisa kichwa, ndiyo. "Pharmacy." Akanifinya gumba. "Maternity." Ya pili. "Ambulance." Gumba tena. Maneno saba, na hakukosa hata moja, na kwa kila moja mi ningekosa. Mwisho vidole yangu ilikuwa nyekundu, na sisi babili tulikuwa tunalia kama bajinga. Josué vilevile, lakini yeye anasema ilikuwa vumbi.

Madam Nyirenda akarudisha karatasi zao kati ya zingine. Tulipotoka akanishika bega, akasema "zikomo, mwalimu", aksanti ya Chichewa. Majuma mawili kisha, Nsimire akapata fasi. Josué alianguka ku hesabu, lakini ile ni kosa yake mwenyewe, mi simo.

Ile siku ya biro, tulirudi pamoja. Tulipokaribia Dzaleka nikauliza: "Maneno yenyewe ni ngapi, yenye nilikuwa naharibu?"

Nsimire akajibu: "Madame, iko kaye."

Eh? Kaye! Kesho yake akaniletea. Kaye, daftari ya zamani, kava imeshonwa na uzi, mwandiko ya bantu mingi, mwaka kwa mwaka. Upande wa kushoto neno na finya ya Madame, upande wa kuume finya ya inje. Nilisoma kurasa kwa kurasa mpaka chai ikapoa. Miandiko mingine niliitambua, ya bantu benye balisha kwenda mbali na hawatarudi. Niliwaita mumoja mumoja na jina mu nyumba yangu, nikibatukana na kubabariki.

Siku ya Jumatatu, mbele ya Nsimire aende chuo, nilifika mu kalasi na ile kaye, nikaiweka juu ya meza bote baione.  Nikamupatia Nsimire lakre, nikaenda kukaa ku benchi ya mbele, kati ya banafunzi.

Aliandika "thermometer" ku tablo. "Madame, soma."

Nikasoma. Mudomo ya miaka nane, inasikiaka nani? Ilienda ku ya tatu. Nikasikia nyuma yangu vidole vinajongea, nikageuka: kalasi nzima ilikuwa imefinya ya tatu pamoja na mi. Hata sasa. Hata na kaye juu ya meza.

Nsimire alibaona. Aliniangalia, lakre inavunjika mukononi.

"Hapana, Madame," akasema. "Rudilia."

Nikarudilia.